Tarakilishi isiyotiwa viraka ni mlango wazi kwa wahalifu

MNAMO Ijumaa, Mei 12, 2017, madaktari na wauguzi katika hospitali nyingi za umma nchini Uingereza walijikuta hawawezi kusoma rekodi za wagonjwa wao. Skrini za tarakilishi zilionyesha ujumbe mmoja: lipa dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin, la sivyo faili zako zitapotea.

Programu hasidi iliyopewa jina WannaCry ilikuwa imeanza kazi. Kwa siku chache tu ilipenya katika tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi takribani 150. Nchini Uingereza, ukaguzi wa serikali ulibaini baadaye kuwa angalau mashirika 80 kati ya 236 yanayosimamia hospitali yaliathiriwa, na ikakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa.

La kusikitisha ni kuwa tiba ilikuwepo. Kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya huo Machi 14, 2017, siku 59 kabla ya shambulio. Tarakilishi nyingi zilizoathiriwa katika hospitali hizo zilitumia Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa na kampuni hiyo. Kiraka kilitolewa bila malipo, ila hakikubandikwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisa hiki kinafaa kutukeresha hapa nchini, kwani Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya viraka kwa Windows 10, mfumo ambao kwa miaka kumi ulikuwa uti wa mgongo wa ofisi, shule, zahanati na saiba zetu. Tarakilishi hizo hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka kila asubuhi kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari. Mtumiaji haoni tofauti yoyote, lakini mhalifu anaiona.

Sababu ni kuwa kiraka ni dawa na vilevile ni ramani. Microsoft inapoziba mwanya katika Windows 11, wahalifu hukichunguza kiraka hicho ili kujua kilichorekebishwa. Iwapo mwanya uo huo umo pia katika Windows 10, wameonyeshwa mlango ambao hakuna atakayeufunga. Kadiri miezi inavyosonga, ndivyo milango ya aina hiyo inavyoongezeka.

Ni kweli kuwa kampuni hiyo iliweka mpango wa kuongeza muda. Watu binafsi waliojisajili walipewa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 13, 2026. Mashirika nayo yalitakiwa kulipa dola 61 kwa kila tarakilishi katika mwaka wa kwanza, ada inayoongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kwa kampuni yenye tarakilishi 40, hiyo ni dola 2,440 katika mwaka wa kwanza pekee. Ni meneja yupi aliyekuwa ametenga fedha hizo?

Kuhamia Windows 11 nako si rahisi kwa wengi. Mfumo huo unadai kitengo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji ambacho, kwa jumla, kiliundwa kuanzia mwaka wa 2018 au karibu na hapo. Wakenya wengi hununua vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng'ambo, na vingi kati ya hivyo havifikii kiwango hicho. Baadhi ya mafundi huulazimisha mfumo uingie hivyo hivyo, lakini Microsoft imeonya kuwa mashine za namna hiyo hazina hakika ya kupata masasisho. Mnunuzi anayetembea Luthuli Avenue jijini Nairobi anafaa kuuliza swali hili kabla ya kuuliza bei: Je, mashine hii inakubali Windows 11 bila hila?

Zaidi ya hayo, kuna mazoea ya kutumia nakala za wizi. Ili kuvunja leseni ya Windows, mtumiaji hupakua programu ndogo kutoka tovuti asiyoijua, kisha huambiwa azime kinga ya virusi kwanza ndipo programu ifanye kazi. Huko ni kumwondoa bawabu langoni ili mgeni asiyejulikana aingie na kukabidhiwa funguo zote. Anayeokoa bei ya leseni kwa njia hii huenda akapoteza nywila za benki, hesabu za biashara na picha za familia. Rahisi huvunja upishi.

Wapo wanaodhani kuwa kununua programu ya kukinga virusi kunatosha. La hasha! Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake yenyewe, Microsoft Defender, ambayo inamfaa mtumiaji wa kawaida mradi tu haijazimwa. Kuweka kinga mbili zinazofanya kazi kwa pamoja huzifanya zigongane na kuipunguza mashine kasi. Microsoft iliahidi kuendelea kuipa Defender ya Windows 10 orodha za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Hata hivyo, orodha hiyo humsaidia mlinzi kutambua sura za wezi. Haizibi tundu lililo ukutani.

Kuhusu flashi, historia ina funzo. Kirusi cha Conficker kilichotambuliwa Novemba 2008 kilienea kupitia mtandao na pia kupitia flashi zilizokuwa zikihamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine. Kiraka cha mwanya kilioutumia kilikuwa kimetolewa mwezi uliotangulia. Yeyote anayechapisha stakabadhi katika saiba hana budi kuikagua flashi yake kwa Defender kabla ya kufungua faili yoyote nyumbani au ofisini.

Je, kinga zote zikishindwa? Hapo mkombozi ni nakala ya akiba. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya kiliiangusha kampuni ya meli ya Maersk, ikalazimika kuweka upya tarakilishi 45,000 na seva 4,000. Nakala ya pekee iliyosalimika ya orodha kuu inayoendesha mtandao wake ilipatikana katika ofisi ya Ghana. Iliponea kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko, hivyo mashine hiyo haikuwa mtandaoni wakati wa shambulio. Maersk iliokolewa na bahati. Asiyetaka kutegemea bahati na anakili faili zake muhimu kwenye diski ya nje, kisha aichomoe. Diski inayoachwa imechomekwa wakati wote hufungwa pamoja na tarakilishi yenyewe.

Wengi hulalamika kuwa masasisho hula data na kuchelewesha kazi. Malalamiko hayo yana msingi katika nchi ambamo watu hununua intaneti kwa vifurushi. Lakini Windows humruhusu mtumiaji kutenga saa ambazo mashine haitajizima na kujiwasha yenyewe kwa ajili ya masasisho. Aidha, katika ofisi au shule yenye mashine nyingi, tarakilishi zilizo kwenye mtandao mmoja zinaweza kupokezana masasisho baada ya mojawapo kuyapakua, na hivyo gharama kupungua.

Hatua nyingine haina gharama kabisa. Kazi za kila siku zifanywe katika akaunti ya kawaida, nayo akaunti ya msimamizi itumiwe tu wakati wa kuweka programu. Programu hasidi inayoingia kupitia akaunti ya kawaida hunyimwa mamlaka mengi ya kuvuruga mfumo mzima. Na mtu akishuku kuwa mashine yake imevamiwa, aitenge na mtandao mara moja, kisha abadilishe nywila zake akitumia kifaa kingine.

Serikali haiwezi kujitenga na suala hili. Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, inayomwadhibu mdukuzi. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayoitaka taasisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 inapogundua kuwa taarifa za watu zimefikiwa isivyo halali na huenda wakadhurika. Aprili 2023 kampuni ya maduka ya Naivas ilitangaza kuwa ilivamiwa na wahalifu wanaodai fidia, ishara kwamba Kenya haiko mbali na macho yao. Sheria hizo ni nzuri, ila adhabu na arifa hizo hufika baada ya mwizi kuingia.

Kinachohitajika kabla ya hapo ni kazi isiyo na shangwe. Kila hospitali, shule na ofisi ya kaunti iwe na orodha ya tarakilishi zake, ijue kila moja inatumia mfumo gani na mara ya mwisho ilitiwa kiraka lini. Zile zisizoweza kuhamia Windows 11 zibadilishwe kwa awamu, au ziwekewe mfumo wa bure kama vile Ubuntu unaoendelea kupata viraka. Gharama hiyo iingizwe katika bajeti ya kila mwaka pamoja na umeme na maji.

Hospitali za Uingereza zilikuwa na siku 59 za kubandika kiraka kimoja. Microsoft ilitangaza tarehe ya mwisho ya Windows 10 miaka kadhaa kabla haijawadia. Siku rekodi za wagonjwa au matokeo ya wanafunzi wetu yatakapofungwa na wahalifu, wasimamizi wetu watasema hawakuonywa?