Paa ndilo la kusifiwa

Ndugu mwandishi, asante kwa makala yako, ila Kanisa la Kristo la Mkunazini, Zanzibar, si la Kigothi tupu. Madirisha yaliyochongoka juu, sawa. Lakini paa? Mafundi wa Ulaya waliinua dari kwa mbavu za mawe, wakaitegemeza kwa mihimili ya nje. Askofu Edward Steere alichanganya mawe ya matumbawe na saruji, akapata kuba moja refu, la mviringo kama pipa lililopasuliwa, likakalia kuta nene. Wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Lipo hadi leo!

Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kufunga soko la watumwa lililokuwa papo hapo. Umewataja wanunuzi, lakini waliouzwa walitoka wapi? Wengine huku kwetu Katanga: mfalme Msiri wa Bunkeya alifanya biashara ya pembe, shaba na watu hadi pwani. Hata ule msalaba wa mbao ndani ya kanisa husemwa ulichongwa kutoka mti wa Chitambo, palipozikwa moyo wa Livingstone, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Sisi wasomaji wa Kamatanda, Katanga, tunasubiri sehemu ya pili ya makala, na picha ya paa tafadhali.