Likizo ya Jamaa: kwa Meli au kwa Basi?

Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Cibitoke, mke wa askari na mama wa watoto wanne. Mumewe amekwisha rudi nyumbani, baada ya kutumika mara mbili huko Somalia, katika jeshi la Umoja wa Afrika ambako vikosi vya Burundi vilianza kwenda Desemba 2007. Akiba ipo, si kubwa, lakini ipo. Watoto watafunga shule kwa likizo kuu ya Julai na Agosti, na baba ataomba ruhusa ya siku kumi. Ugomvi, kama tunaweza kuuita ugomvi, umeletwa na picha. Wifi wa mama huyu, ambaye alihamia Brisbane pamoja na jamaa yake, ametuma picha iliyopigwa juu ya meli kubwa ya watalii huko Australia: watoto wanaoga katika birika la maji ya samawati, na nyuma yao meza imejaa matunda. Bwana alipoiona akasema, “Nasi tutapanda meli. Ziwa si tunalo?” Mama anaogopa maji. Angependa waende kwa basi, na anatuuliza nani mwenye haki.

Tumjibu kwa upole, lakini kwa ukweli. Meli ile ya picha ni hoteli iendayo juu ya maji. Abiria hulipa mara moja, na ndani ya nauli hiyo mna kitanda, chakula cha kila siku, michezo ya watoto, na mganga yumo humohumo melini. Hung’oa nanga Sydney au Brisbane, huzuru visiwa, kisha hurudi palepale ilipoanzia. Hakuna aliyeipanda ili akauze ndagala au apokee saruji. Meli za Ziwa Tanganyika hazikujengwa kwa kazi hiyo. Zilijengwa kuchukua mizigo, na binadamu akatafutiwa nafasi kando ya mzigo. Anayekwenda bandari ya Bujumbura kuulizia kitanda chenye shuka nyeupe kwa ajili ya wanawe atachekwa na wapagazi, nao hawatakuwa na kosa.

Iko hata hivyo meli moja ambayo kila mtu wa ziwa hili anaijua kwa jina, nayo ni Liemba. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito ili zisile kutu. Ndivyo ilivyokuwa: Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Wapo Warundi wengi walioipanda bila kuwa watalii. Mei 1915 ilikuwa bado chuma kipya. Mei 2015, miaka mia baadaye, ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka ufuko wa Kagunga hadi Kigoma. Kwa jamaa hizo neno “safari ya meli” lina ladha nyingine kabisa, na baba wa nyumba yafaa aulize kwanza kama mkewe au mama mkwe wake hakuwa miongoni mwao.

Safari yake ya kawaida ilikuwa kutoka Kigoma hadi Mpulungu katika Zambia, siku mbili na zaidi. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili. La tatu lilikuwa ni benchi na sakafu. Vituo vingi havina gati. Meli ilisimama ziwani, mitumbwi ikaja kuizunguka, na abiria wakashuka mitumbwini na mabunda yao, mara nyingi gizani. Kijana asiye na mke huiita hiyo furaha. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili mgongoni ataiita kwa jina lingine. Baadaye meli hii ilisimamishwa kwa matengenezo makubwa, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuipangia likizo kwa kusikia tu kwamba “imerudi”. Aliye na jamaa Kigoma amtume bandarini akasome ratiba kwa macho yake, na nauli isilipwe kabla ya hapo.

Hofu ya mama huyu kwa maji si ya kuchekwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na waliokufa walizidi 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Ziwa letu lina kina cha karibu meta 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal pekee linalolizidi. Tena majira yenyewe ya likizo ndiyo majira ya kiangazi, ambapo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi ambayo mtu aliyeko Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini, hayatambui mpaka afike mbali.

Hatusemi kwamba watoto wasipande chombo. Wapande, lakini kwa mwendo mfupi, mchana, na baba akiwa mkaguzi. Mtu aliyezoea kukagua gwaride hashindwi kukagua mashua. Ahesabu majaketi ya kujiokolea: moja kwa kila kichwa, na ya watoto yawe ya watoto, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto juu ya kichwa mara tu aingiapo majini. Aangalie ukingo wa chombo uko juu ya maji kiasi gani kikiwa kimejaa. Amnuse nahodha, maana pombe haifichiki. Jaketi livaliwe kabla ya kung’oa nanga. Likiwekwa chini ya benchi halimfai mtu. Abiria wakikimbilia upande mmoja kutazama viboko, yeye na watoto wake wabaki walipoketi. Na ikiwa mwenye mashua atasema, “Ongeza wawili tu, mzee,” huo ndio wakati wa kushuka, hata kama nauli imelipwa.

Sasa tuje nchi kavu, ambako kwa maoni yetu jamaa hii itapata faida zaidi. Barabara inayofuata ufuko kuelekea kusini ina mambo mengi, na ziwa liko mkono wa kulia njia nzima, hivyo bwana hatasema amenyimwa maji. Kiasi cha kilometa kumi tu kutoka mjini, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watoto wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wazungu hao walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, nao walifika Mugere baadaye, walipokuwa wakisafiri kwa mtumbwi kwenda kuona kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia ziwani. Wakaona unaingia, na kwa hiyo Tanganyika haikuwa chanzo cha Nile kama baadhi ya watu walivyodhani. Baba akiyaeleza hayo akiwa amesimama juu ya jiwe lenyewe, mtoto atayakumbuka kuliko masomo ya mwaka mzima.

Mbele yake ni Rumonge, kilometa zipatazo 75 kutoka Bujumbura, nchi ya michikichi, na karibu yake ni chemchemi za maji moto za Mugara. Mawese yanunuliwe wakati wa kurudi. Tumewaona watu wakizunguka siku tano na dumu linalovuja juu ya nguo za watoto. Baada ya Rumonge ni Nyanza-Lac. Mahali pa kuogelea paulizwe kwa wenyeji kila mara, hata kama baba anapajua tangu ujana wake, maana mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda mno, yakaingia Gatumba na kufunika fukwe nyingi, na palipokuwa na mchanga huenda sasa pana matope. Penye matete na penye midomo ya mito mtoto asiingie: kiboko na mamba hawana likizo.

Mwenye akiba ya kutosha aweza kuendelea mpaka Mugina, avuke kuingia Tanzania kupitia Manyovu, alale Kigoma siku mbili au tatu. Hapo kuna Ujiji na makumbusho yake ya Livingstone, kuna stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, na kaskazini ya mji ni hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Gombe hufikiwa kwa mashua, na hapo ndipo bwana atapata safari yake ya maji. Lakini aulize kwanza kiingilio na umri wa watoto wanaoruhusiwa kuingia msituni kabla hajawaahidi sokwe. Ahadi iliyovunjika huharibu likizo nzima. Vilevile asiwaahidi dagaa wabichi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane, na wavuvi walikaa nchi kavu miezi hiyo yote. Watoto wa Cibitoke watafurahi kwa jambo moja lisilolipiwa: Kiswahili wanachocheza nacho kwenye avenyu zao kitawafikisha sokoni Kigoma bila mkalimani, japo watachekwa kidogo.

Asiyetaka kuvuka mpaka apande Gitega, mwendo wa kilometa mia hivi. Huko kuna Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, na karibu yake ni Gishora penye ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Kusini zaidi, Rutovu, ipo piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 juu ya chemchemi ya kusini kabisa ya Nile. Maji yake ni kijito tu, mtoto aweza kukiruka. Mwambie basi kwamba yanakwenda Misri.

Mama ameuliza pia, kwa woga, kama kwenda kwenye mlima wa wakwe zake kunahesabiwa kuwa likizo. Kwa bwana na kwa watoto, ndiyo. Kwa mama anayeamka alfajiri kupikia watu ishirini, la. Wazee waamkiwe, wapelekewe sukari na sabuni, watoto wapewe baraka, na hiyo iwe siku mbili kati ya zile kumi. Zilizobaki ziwe za nyumba hii moja, ambayo kwa miaka mingi ilimwona baba katika simu tu. Mtoto mdogo wa mama huyu, kwa maandishi ya barua yenyewe, bado humwita baba yake “yule afande”. Huyo hahitaji birika la maji ya samawati. Anahitaji siku nane za kuketi na baba yake kwenye benchi moja la basi, aulize majina ya samaki na ya milima mpaka achoke.

Juu ya fedha tutasema machache. Nauli ya kurudi itengwe kwanza, ifungwe katika bahasha, mama aishike, na isiguswe hata kwa ugonjwa wa tumbo. Kwa ugonjwa iwepo bahasha nyingine. Karo na madaftari ya Septemba visihesabiwe kuwa akiba. Mkopo kwa ajili ya matembezi hatuushauri kwa mtu yeyote, awe askari au raia. Na kwa kuwa miaka hii mafuta ya gari yamekuwa ya kupangiwa foleni, asikodi gari la binafsi kwa kuamini kwamba atapata mafuta njiani. Basi lina wenyewe wa kulihangaikia. Chakula cha siku ya kwanza kitoke nyumbani: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, na maji yaliyochemshwa jana yake.

Anayevuka mpaka hana budi kuwa na hati ya kusafiria kwa kila mtu, watoto wote wakiwamo. Askari na polisi aombe ruhusa ya kutoka nchini kwa maandishi, kando ya ruhusa ya likizo, wala asivae wala asibebe nguo yoyote ya kazi. Saa zisogezwe mbele kwa saa moja mara wakiingia Tanzania, la sivyo basi la kurudi litawaacha. Kisha kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hii siku hizi hutosha kwa maisha yote, na mtoto huweza kuipata akishatimiza miezi tisa, lakini kadi haikubaliwi mpaka siku kumi zipite tangu sindano. Jamaa itakayoondoka tarehe 1 Agosti iwe imekwisha chanjwa, mtoto wa mwisho pamoja naye, kabla ya tarehe 20 Julai.