Msindano Hauliwi

Kiongozi akifika Makete hupewa mche. Anainama, anafukia, anapigwa picha, watu wanapiga makofi, na jioni tunaambiwa mazingira yametunzwa. Hakuna anayeuliza mche ule umewekwa juu ya nini. Mara nyingi umewekwa juu ya nyasi, na nyasi kwa lugha ya ofisini ni pori tupu, ardhi isiyotumika.

Nimekulia Bulongwa, na ugomvi wangu ni na hilo neno "tupu".

Babu yangu alikuwa mtegaji. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na tanzi, mbwa wawili na subira. Nyasini alipata kwale, panya wa porini na, siku ya bahati, nsya. Bibi alichuma mboga za porini kwenye miteremko ileile, akaokota uyoga mvua zikianza, na bondeni alikuwa na kinyungu chake cha kiangazi. Numbu zilikuwa chakula cha kawaida, si kitu cha kuoneshwa kwenye maonesho ya Nanenane. Mteremko ule leo ni misindano, mstari kwa mstari. Ingia ndani usikilize. Chini kuna zulia la majani makavu yenye umbo la sindano, juu kuna giza, na kwale hayupo kwa sababu hana cha kula wala pa kujificha. Bondeni mtu amepanda milingoti hadi ukingoni mwa kijito, ingawa Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60, na kinyungu kimekauka.

Mbao zinalipa, hilo silibishi. Zimesomesha watu na kuezeka nyumba. Tena kuna jambo ambalo wataalamu wa miti hawalitaji: wilaya hii ilizika wazazi wengi mno. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kwa mjane au bibi mwenye wajukuu sita, shamba la miti lilikuwa ukombozi, maana halidai nguvu kila msimu. Simlaumu. Ninachokataa ni biashara hiyo kuitwa uhifadhi.

Maana jina hilo lina gharama, na gharama yake analipa mtu mwingine. Kitulo haiko mbali nasi. Ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, wenyewe wanaiita Bustani ya Mungu, na aina za okidi peke yake ni kama 45. Viazi vya okidi hizo ndivyo chikanda, vinavyosafirishwa kupitia Tunduma hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vinavyovuka mpaka vilikuwa vinafikia milioni nne kwa mwaka. Ni uchimbaji wa kutisha, na ulistahili kuzuiwa. Lakini tazama mizani yetu. Mama akichimbua okidi kwa jembe la mkono, huo ni uharibifu, anakamatwa na kiroba chake. Mwenye pesa akiotesha misindano juu ya uwanda mzima nje ya mpaka wa hifadhi, okidi na nsya na mboga vyote vikafa kwa kukosa jua, huo ni uwekezaji, anapewa cheti.

Na mtegaji? Huyo kwa sheria ni jangili. Sawa, lakini tukumbuke aliyetutajia kipunji. Watafiti walimkuta nyani yule mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone, dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe. Walianza kumtafuta kwa sababu wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimsimulia, na jina walikuwa nalo tayari. Elimu ya namna hiyo haikai kwenye kabati. Inakaa miguuni mwa watu wanaopita porini, na pori likiisha inaisha nayo.

Kuna watu wa mbali waliolielewa hili mapema. Wacree wa Quebec, Kanada, walipambana na mabwawa ya umeme yaliyokuja kuzamisha mashamba yao ya kuwindia, na katika makubaliano ya James Bay ya mwaka 1975 wakapata mpango unaomlipa mwindaji kwa siku anazokaa porini. Mabwawa yalijengwa vilevile. Lakini angalau kwenye karatasi uwindaji uliandikwa kuwa kazi, na pori likaandikwa kuwa mahali pa chakula.

Kwetu mkoa unaitwa ghala la taifa. Uchunguzi wa lishe wa 2018 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sisemi wamedumazwa na misindano. Sababu ni nyingi, na zimeanza zamani. Nasema mkoa wenye watoto hao hauna anasa ya kufuta nyama ndogondogo, uyoga na mboga za bure, kisha ukajipongeza kwa kijani kisicholiwa.

Dawa haihitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka ya kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi, na hakuna kinachouzuia kutenga nyasi kama unavyotenga msitu au malisho. Utenge, uandike "nyasi", na mtu asiote mti hapo, awe mwanakijiji au mgeni.

Mgeni mwenyewe pengine ni wewe. Una mshahara Dar, unafanya kilimo cha simu, na rafiki amekutumia picha ya ekari kumi Makete kwa bei ya kutupa. Kabla hujatuma pesa, muulize dalali hapo sasa hivi kumeota nini. Akikujibu hamna kitu, ni nyasi tu, mwambie akutumie picha nyingine, ya mwezi wa pili.