Nyumba Usiyolala Ndani

Mtu wa pwani afikapo Kericho au Bomet, kwenye mashamba ya chai yasiyo na mwisho, huenda akaonyeshwa bibi kizee na kuambiwa: huyu ana mke. Atastaajabu, na pengine atasema astaghfirullah. Lakini wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Katika mila ya Wakipsigis, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari akaoa mwanamke, ili nyumba yake ipate warithi. Baina ya wawili hao hapana mambo ya kitandani. Mke huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa wa nyumba ya yule mama.

Taabu huanza mama anapofariki. Jamaa hujitokeza kudai mali, wakisema mwanamke haolewi na mwanamke. Kesi ya namna hiyo, ya Wanandi walio ndugu wa Wakipsigis, ilisikilizwa hapa kwetu Mombasa. Mwaka 2011 Jaji Ojwang wa Mahakama Kuu alikubali kwamba mke huyo na watoto wake ni warithi wa haki.

Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na wajane hawa haikuwataja. Tena Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, iliamua kwamba kuwanyima mashoga na wasagaji usajili wa chama chao ni ubaguzi, ingawa sheria ya jinai inayokataza vitendo vyao imebaki pale pale. Makelele yaliyofuata yalikuwa makubwa, na katika makelele kama hayo mjane wa Bomet naye aweza kutiwa kapu moja na wengine, akapoteza shamba.

Mwislamu hakuombwa akiite halali alichokatazwa. Anaombwa asiiridhie dhuluma, hata kwa mtu asiyekubaliana naye. Sisi mirathi yetu huamuliwa na Kadhi, kwa kuwa Katiba ilikubali kwamba si wote wapimwe kwa pishi moja. Basi tusiwe wa kwanza kuwanyima wengine pishi yao.

Bunge halina budi kuandika wazi haki za wajane hawa na watoto wao. Na mtu yeyote, awaye yote, asifukuzwe kazini wala nyumbani kwa uvumi tu. Dhambi ina Mwenye kuihukumu; haki ya mtu tumekabidhiwa sisi.