Kabla ya Mississippi

Hapa kwetu Kinyangiri mdogo wangu anajifunza gitaa kavu kwenye simu. Juzi akaniambia kwamba gitaa la vidole ni mali ya Mississippi, akamtaja Robert Johnson. Nikamuuliza: na Mwenda Jean Bosco? Kimya.

Simlaumu yeye. Natulaumu sisi tuliosoma. Mwaka 1952, huko Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda akipiga “Masanga”: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinajibu, gitaa moja unalisikia kama mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Na aliimba Kiswahili!

Msinijibu kwamba hizo ni zilipendwa. Johnson alifariki 1938. Mbona yeye tunamwita mwalimu? Namsikiliza Johnson na ninampenda. Lakini mtoto wa Mkalama aanze na nani: anayemhitajia mkalimani, au anayeimba kwa lugha yake?

Nimemwekea “Masanga”. Wiki ya pili sasa, gumba bado linamshinda. Mississippi hajaitaja tena.