Upweke si Uvundo

Methali husema upweke ni uvundo. Naipinga. Neno hilo tunalitumia kwa mambo mawili: kuishi peke yako, na huzuni ya kukosa wa kukusikiliza. Kwa kuyachanganya, kijana anayeishi peke yake hapa Rohero akionekana amenuna, hupewa dawa moja tu: "Oa!" au "Olewa!"

Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwapa wanaoishi pamoja bila ndoa hadi 31 Desemba wahalalishe uhusiano wao. Cheti hupatikana. Lakini cheti gani humlazimisha mtu kumsikiliza mwenzake? Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani, likiuona upweke kuwa hatari kwa afya, liliunda tume ya mahusiano ya kijamii. Halikuunda tume ya harusi.

Sikatai, siku nzito zipo: mvua inapiga mabati, umeme umekatika, simu iko kimya. Siku hiyo chemsha chai ya tangawizi. Kaanga ndagala zako. Mvua ikikatika, shuka hadi ufukweni mwa Tanganyika, au nenda Buyenzi ukapige soga kwa Kiswahili. Huko si kujidanganya. Ni kukubali kwamba unastahili kutunzwa, hata kama mtunzaji ni wewe mwenyewe.

Anayeoa ili akimbie jioni moja ya huzuni humgeuza mwenzake kuwa dawa. Na dawa isipotibu, hutupwa. Tujifunze kwanza kukaa na nafsi zetu, ndipo tumkaribishe mwingine nyumbani.