Fundi Hadanganyi Peke Yake

Mwezi uliopita, tukinywa chai ofisini, mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu na ambaye maandiko yake nayasomesha darasani, alitangaza kwamba ameapa kutomwita tena fundi wa Kitanzania nyumbani kwake. Kabati alilotengenezewa limepinda milango, rangi ya ukuta imebanduka kabla ya mwaka kuisha, na kijana aliyekuja kumtundikia picha za harusi ametoboa bomba la nyaya za umeme. "Mafundi wetu ni waongo na wezi," akahitimisha. "Bora ninunue cha nje nijue moja." Tuliokuwepo tukaitikia kwa vichwa. Nami niliitikia. Naandika makala haya kwa sababu sikupaswa kuitikia, na nilijua hivyo hata kabla ya chai yangu kupoa.

Nianze na habari zangu mwenyewe, maana ni rahisi kuhukumu nyumba za wengine. Mwaka juzi nilinunua mchoro mkubwa wa Tingatinga: chui, ndege na mbuyu, umewekewa fremu nzito ya mninga. Nilitaka utundikwe sebuleni kwenye nyumba niliyoimaliza kwa mkopo huko Goba. Nikampigia simu fundi mmoja wa Keko, seremala wa makamo, aliyenitengenezea meza ya kulia chakula. Akataja shilingi 50,000. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya msumari mmoja na nyundo. Akanijibu kwa upole, "Basi dokta, kama ni msumari mmoja, hata wewe unaweza," akakata simu. Nikamtafuta kijana wa mtaani, akaja na nyundo na msumari wa zege, akapiga mara nne, akapokea 10,000 yake akaondoka. Usiku wa tatu tulishtushwa na kishindo. Mchoro ulikuwa sakafuni, pembe moja ya ubao imevunjika na mkia wa chui umekwenda nayo.

Nikampigia tena yule wa Keko. Hakunisimanga, wala hakupandisha bei, jambo ambalo mimi ningelifanya bila shaka.

Naomba msomaji aniruhusu nieleze alichofanya, kwa kuwa hoja yangu yote imo humo. Kwanza hakugusa ukuta kwa chombo chochote. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, kuanzia kwenye swichi akipanda juu hadi darini, akanionyesha njia ya bomba la nyaya. Akaniambia mtu hatoboi ukuta juu ya swichi wala juu ya soketi kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mara nyingi nyaya hupita hapo hapo. Kisha akalikagua lile tundu la msumari wa kwanza, akatia ncha ya bisibisi, na mchanga ukamwagika kama unga. Plasta yangu ilikuwa nene na hafifu wa saruji, na ule msumari ulikuwa umeshika plasta tu, haukufika kwenye tofali. Ukuta mzima ulinidanganya kwa rangi nzuri. Akatoboa kwa drili hadi ndani ya tofali, akatia vizibo vya plastiki, akakaza skrubu mbili badala ya moja, kwa sababu picha inayoning'inia kwenye skrubu moja huinama kila mlango unapobamizwa. Kabla ya kupima urefu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: watu wa nyumba hii hukaa wapi jioni? Mimi nilikuwa nimeiweka picha juu kabisa, karibu na dari. "Dokta, hii si picha ya ofisini," akasema. "Watu wako wanakaa kwenye kochi." Nilitazama na kuona kuwa kweli nilikuwa nimemtundika chui wangu mahali ambapo ofisi zetu humtundika Rais. Akaishusha, akaweka pima maji, akarudi nyuma hatua tano, akaketi kwenye kochi langu bila kuomba ruhusa, akasimama akarekebisha tena. Mwishoni akakata vipande vinne vya kandambili kuukuu na kuvibandika nyuma ya fremu, ili hewa ipite kati ya ubao na ukuta, maana pwani hii unyevu huozesha kila kinachougusa ukuta.

Kazi ilichukua muda wa saa mbili. Lakini nani kati yetu angethubutu kupima mhadhara wa saa mbili kwa saa mbili? Tunasema, na tunasema kwa haki, kwamba nyuma ya mhadhara huo kuna miaka ya kusoma. Tunapokea posho kwa kukaa nusu siku katika kikao ambacho wengine tumo humo tukisahihisha mitihani chini ya meza. Daktari akitazama koo kwa dakika tatu hatumwambii apunguze. Wakili hatumwambii kwamba barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Kwa fundi peke yake ndipo tunapogeuka kuwa wachumi wa dakika na misumari.

Na bado sijafika kwenye sehemu ya aibu. Nilimlipa 30,000 nikamwambia iliyobaki mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuja ukapita. Nilimpelekea baada ya wiki saba, tena kwa sababu nilikuwa na shida nyingine Keko. Nikamkuta akikaripiwa na mama mmoja aliyetoa malipo ya awali ya kitanda na hakukiona kitanda. Nilisimama kando nikisikia maneno yale yale ya chumba chetu cha chai: mwongo, mwizi. Mama alipoondoka, fundi akafungua daftari la shule lililochakaa, atafute deni langu alikate. Sikulisoma lote, lakini niliona ya kutosha. Walimo walimu, mchungaji, daktari, na kampuni moja iliyompa kazi ya viti vya ofisi ya umma na haikuwa imemlipa kwa miezi minane. Mimi nilikuwa ukurasa wa pili, jina langu likianza na "Dokta". Mbao za kitanda cha yule mama alikuwa amezinunua, akazitumia kumalizia kabati la mteja wa kabla yake, ambaye fedha yake ilitumika kumalizia viti vya ile kampuni. Benki isingemkopesha, kwa kuwa hana hati ya kiwanja wala mshahara. Kwa hiyo mkopeshaji wa ofisi ya serikali, kwa maana halisi, alikuwa mama yule aliyetaka kitanda.

Huo ndio uongo wa fundi. Anaahidi Jumamosi kwa sababu nasi tumemwahidi mwisho wa mwezi. Sisemi kwamba mafundi wote ni malaika. Yule kijana wa 10,000 hakujua alichokuwa akifanya, na wapo wanaopokea fedha na kuzima simu wakiwa hawadaiwi wala hawadai mtu. Lakini yule kijana nilimchagua mimi, nikiwa na akili zangu na shahada zangu, kwa sifa moja tu ya urahisi wa bei. Sikumuuliza alijifunza wapi wala sikuomba kuona kazi yake hata moja. Ningefanya hivyo katika kuajiri mhadhiri msaidizi, ningeondolewa kwenye kamati.

Hapa wengine watasema haya ni mambo ya nyumbani, hayafai kuitwa siasa. Sikubaliani. Tangu mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, shule zetu za sekondari zimeanza kuwa na mkondo wa amali, ambamo mtoto anasoma ufundi sambamba na masomo mengine. Nimeliunga mkono jambo hilo hadharani. Hata hivyo, katika idara yangu nimewauliza wenzangu wenye watoto wa umri huo ni nani aliyemwelekeza mwanawe huko, na jibu lilikuwa kicheko. Mimi mwenyewe sikumwelekeza wangu. Watoto si wajinga. Wanatuona mlangoni tukibishana na fundi juu ya 5,000, wanatusikia tukimwita "wewe fundi" bila kumuuliza jina, kisha wanatusikia kwenye redio tukiwahimiza vijana wa wenzetu wajiajiri. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia elimu inayomtenga msomi na jamii yake na kumfanya ajione bora kuliko anayefanya kazi kwa mikono. Zaidi ya nusu karne imepita, na waraka ule tunautungia maswali ya mtihani.

Serikali nayo ina daftari lake. Sheria yetu ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini fundi wangu ni mwanamume mzima mwenye afya, amepita umri wa ujana na hajaufikia uzee, kwa hiyo hayumo katika kundi lolote. Kosa lake ni kuwa katika miaka ambayo mkono wa seremala umekomaa. Na hata angekuwemo, zabuni siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambako karakana ya chini ya bati isiyo na usajili wala mtunza hesabu haiwezi kuingia. Anaingia mwenye kampuni, anashinda zabuni, kisha anashuka Keko na kuigawa kazi ile ile kwa sehemu ya bei na kwa ahadi ya kulipa "fedha ikitoka".

Nilipata kuingia katika jengo jipya la taasisi moja ya umma hapa Dar es Salaam. Ukumbini walikuwa wametundika picha kubwa sita za kuchapwa kwa mashine: milima yenye theluji, daraja fulani, maghorofa ya mji ambao hakuna mwenyeji wangu aliyeweza kunitajia jina lake. Mwendo mfupi tu kutoka hapo wapo wachongaji wa Mwenge, wanaouchonga mpingo, mti mzito kiasi kwamba ukitiwa majini huzama. Wapo wachoraji wa Oysterbay, warithi wa Edward Saidi Tingatinga, ambaye hakupata kusoma chuo chochote cha sanaa, akaanza na vipande vya ubao na rangi ya mafuta ya kawaida, akachora kwa miaka michache tu kabla ya kuuawa kwa risasi za polisi waliomfananisha mwaka 1972. Jina lake leo ni jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Nikauliza kwa nini hawakununua kwake. Nikajibiwa kwamba zile za theluji zilikuja pamoja na fenicha.

Kiswahili chenyewe kinatusuta. Fundi, mwanafunzi, mkufunzi, fundisha, jifunza, mafunzo: yote ni maneno ya ukoo mmoja, ukoo wa kufunda. Mwalimu na mhadhiri ni wageni waliokaribishwa kutoka Kiarabu. Kwa lugha hii, anayestahili kuwa karibu zaidi na mwanafunzi ni fundi. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Mwenye ujuzi wa kuchonga mlango, kama ile ambayo watalii huisafiria Mji Mkongwe kuipiga picha, aliitwa fundi kwa heshima, naye alikuwa na wanagenzi waliokaa kwake miaka. Sisi tumelichukua neno lile tukalifanya la kuitia mtu barazani.

Mwenzangu wa chai akisoma haya ataniuliza nifanye nini basi na kabati langu lililopinda. Namjibu kwamba VETA hupima na kutoa vyeti hata kwa wale waliojifunza ufundi kazini bila kupita chuoni. Tuvidai vyeti hivyo, na anayekuja navyo tumlipe kwa tofauti hiyo, la sivyo hakuna sababu ya mtu kuvihangaikia. Tukanunue mbao pamoja na fundi badala ya kumpa fedha mkononi, tumuulize kama zimekauka, maana kabati hupinda kwa mbao mbichi, na mara nyingi mbao mbichi ni chaguo la mteja aliyetaka bei ya chini na kazi ya wiki moja. Na kampuni inayoshinda zabuni ya serikali ilazimishwe kuonyesha, kabla ya kulipwa awamu ya pili, risiti za kuwalipa mafundi wake wa awamu ya kwanza. Hilo halihitaji semina wala mshauri mwelekezi.

Jumamosi iliyopita fundi wangu alikuja kupima rafu za vitabu. Nilikuwa nimeandaa karatasi ya makubaliano, ukurasa mmoja, na nilijivunia: vipimo, aina ya mbao, tarehe ya kumaliza, faini ya kuchelewa. Aliisoma polepole, mara mbili, akakopa kalamu yangu. Chini ya tarehe yake ya kumaliza akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, tarehe yangu ya kulipa, na mbele yake faini ile ile. Nikatia saini.